Shahidi wa Kahaso

Ukipita njia ya ndani ya Mjambere ukaona kibanda cha mabati chenye nguo nyingi zilizotundikwa kuliko watu wanaopita, ujue umefika kwa Kahaso. Mwenyewe ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu, mwenye vidole vyembamba na kicheko kinachotangulia maneno yake. Katika ufundi wa cherehani, Kisauni nzima sijaona wa kumfikia. Gauni alilolishona yeye hulivai wewe, lenyewe hukuvaa. Shida ya Kahaso haikuwa kushona. Shida ilikuwa kumaliza.

Sisi wateja wake tulikuwa tumezoea. Ukimpelekea kitenge cha Pasaka, uombe Mungu ukivae Krismasi. Wala si kwamba alikaa bure. Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Ataanza kola ya shati, katikati akumbuke kwamba uzi wa buluu umekwisha, atoke kwenda kuutafuta Kongowea, arudi na samaki wa kukaanga, vifungo vya rangi ya dhahabu ambavyo hakuna aliyemwagiza, na wazo jipya la mikono ya gauni la mtu mwingine. Uzi wa buluu hana. Bwana harusi mmoja alifuata suruali yake asubuhi ya harusi akaikuta ina mguu mmoja. Kahaso akaushona wa pili, bwana harusi amesimama pembeni amejifunga taulo, na watu walioiona ile suruali kanisani wanaisifu hadi leo. Ndiyo maana hakuna aliyemhama. Tulimlaumu, tukamsengenya, halafu tukampelekea kitambaa kingine.

Mumewe, Tsuma, ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ni kuhakikisha makontena yamefungwa sawasawa kabla hayajatoka katika yadi moja ya Changamwe. Mtu anayelipwa ili vitu vibaki vimefungwa alikuwa amemwoa mwanamke ambaye hajapata kufunga hata kopo la sukari. Lakini walipendana, na binti yao Lavender alikua akijua kwamba mkasi ukipotea nyumbani, pa kwanza kutafuta ni ndani ya friji.

Aliyelijua jambo hili kuliko wote ni mama mzazi wa Kahaso, anayeishi Frere Town na kuitwa Mama Ruwa kwa jina la kifungua mimba wake. Mama Ruwa ni mjukuu wa watu wa misheni, na kwake hilo ni ukoo na pia ni cheo. "Sisi kengele ya kanisa hutukuta tumeshavaa," hupenda kusema. Kwa mama wa namna hiyo, kuzaa mtoto kama Kahaso ulikuwa msalaba, naye hakuubeba kimyakimya. "Huyu wangu wa pili kichwa chake ni chujio," aliwaambia wageni hata chai haijamiminwa. Alimwambia kasisi. Alimwambia Tsuma siku ya posa, mbele ya wazee wake, kwa hoja kwamba hataki kuja kulaumiwa baadaye. Watu wa Frere Town ambao hawajapata kumwona Kahaso kwa macho wanajua sweta ngapi alipoteza shule ya msingi.

Basi palikuwa na muuguzi mmoja, jina lake Janice, mtu wa bara aliyekaa Kisauni hadi akajua kuitika abee. Anafanya kazi katika hospitali ya serikali, na alikuwa amempelekea Kahaso kitambaa cha sare. Akaja kuiulizia, kama alivyokwisha kuja mara nyingine nyingi.

"Keti kidogo, Sista, nakumalizia sasa hivi," Kahaso akamwambia.

Janice akaketi. Kahaso akaitwaa ile sare, akatia uzi mweupe. Simu ikalia. Akiwa bado anaongea akaona pindo la dera la mtu limefumuka, akaiondoa sare akaliweka dera mashineni. Halafu akakumbuka pasi. Alipokwenda kuichomeka akauona mkasi aliokuwa akiutafuta tangu jana, akafurahi, akaanza kukata kitambaa cha mwanakwaya. Janice alikuwa amekunja mikono akimtazama kwa utulivu, kama anavyotazama dripu ya mgonjwa.

"Kahaso," alisema, "umekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Hivi."

Kahaso akaitazama mikono yake, mkasi huku, dera kule. "Tangu nijijue, Sista. Muulize mama yangu."

Ndipo Janice akamwambia kwamba kuna hali inayoitwa ADHD, kwamba mtu huzaliwa nayo, kwamba umakini wake hauko pale anapoutaka. Akasema wanaodhaniwa kuwa nayo ni watoto tu, lakini watoto hao hukua. "Hospitalini kwetu wanapima. Kila Jumatano, kliniki ya afya ya akili."

Katika maneno yote hayo, Kahaso alilisikia la mwisho tu.

"Yaani nina wazimu," alisema, "kwa sababu ya sare?"

"Sikusema wazimu."

"Sare utaipata kesho, Sista."

Janice, ambaye alikuwa ameahidiwa kesho nyingi, akaaga akaenda zake. Jioni Kahaso akamsimulia mumewe. Tsuma akafikiri kidogo akasema, "Hospitali ikianza kutibu usahaulifu, mama Lavender, mtaa mzima utalazwa." Wakacheka, wakala, na jambo likaisha.

Lingeisha kweli, lau si mke wa Mzee Kaingu. Mama huyo aliugua muda mrefu. Katika ugonjwa wake alikuwa amejichagulia satini nyeupe, akausia kwamba akifa avikwe gauni la kitambaa hicho na lishonwe na Kahaso, si mwingine. Alipofariki, mwanawe Kai alikileta kitambaa. Kahaso alilia, akakikata siku ileile kwa vipimo vya kichwani, kwa kuwa marehemu alikuwa mteja wake miaka na miaka. Kazi safi. Kisha wanakwaya wakaleta majoho yao yarekebishwe kwa ajili ya mazishi hayohayo. Kahaso akayavamia majoho, na chini ya majoho satini ikapotea machoni pake. Kitu kikishamtoka machoni, kwake huwa kimetoka duniani.

Asubuhi ya kusafirisha maiti kwenda Kaloleni, Kai akaja kuchukua gauni. Lilikuwa mezani, vipande vipande, limebandikwa pini.

Kwaya iliimba imependeza. Marehemu alizikwa na gauni lake la zamani.

Baada ya matanga Kahaso alikwenda kwa Mzee Kaingu, akapiga magoti mlangoni. Alijiandaa kwa matusi. Amekulia humo, anajua namna ya kuyapokea. Mzee akamwinua. "Usilie, mwanangu. Hata hilo la zamani alilipenda." Hakuongeza neno. Kwa mtu aliyelelewa kwa kugombezwa, hiyo ilikuwa adhabu asiyojua pa kuiweka. Alirudi kibandani, akaketi nyuma ya cherehani bila kushona, na wateja tuliopita siku ile hakuna aliyethubutu kuulizia nguo yake. Kesho yake akampigia Janice simu.

Sasa, ili upimwe kama unasahau, sharti kwanza ukumbuke mambo mengi sana. Ukumbuke kwenda zahanati kupewa barua ya rufaa. Ukumbuke barua hiyo umeiweka wapi. Ukumbuke kitambulisho, na nakala ya kitambulisho, na kwamba anayegonga muhuri haji mchana. Kahaso aliyashinda hayo yote kwa msaada wa Lavender, akapewa kadi yenye tarehe, na tarehe ilipofika akaamka, akavaa vizuri, akaenda hospitalini.

"Kliniki ni Jumatano," karani wa dirishani akamwambia. "Leo Alhamisi."

"Nilisahau."

"Hapa kila mtu husahau, mama. Ndiyo maana tunaandika kwenye kadi."

Kahaso alitaka kuuliza, mtu asahauye atakumbukaje kuitazama kadi, lakini foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kuguna. Akapewa tarehe nyingine. Safari hiyo Tsuma, aliyekuwa zamu ya usiku, alimpigia simu tangu alfajiri, akampigia tena akiwa njiani. Kahaso akafika wafagiaji hawajamaliza. Mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa, umebandikwa tangazo: wahudumu wote wako kwenye semina. Semina yenyewe ilihusu namna ya kupunguza muda wa wagonjwa kusubiri.

Mara ya tatu siku ilikuwa yenyewe na mlango ulikuwa wazi. Faili ndilo halikuonekana.

"Mama, faili lako umelipeleka wapi?" karani akauliza.

"Sikulishika mimi. Lilibaki kwenu."

"Jaribu kukumbuka."

Wakalitafuta makabatini, wakalitafuta kwenye kliniki ya meno, mwishowe wakalikuta mezani kwa karani mwenyewe, limewekewa chupa ya chai juu. Mtu mwingine angewaka. Kahaso aliniambia kwamba pale ndipo hofu ilipomtoka. Alijiona amefika kwa watu wake.

Mpimaji alikuwa kijana wa Mji wa Kale aitwaye Ahmad, mtu wa kusema taratibu, na kila mtu alimwita daktari ingawa yeye mwenyewe hujiita afisa wa kliniki. Alimkaribisha, akamwuliza hali, akamwuliza na za nyumbani, kama kwamba nje hapakuwa na foleni. Kisha maswali. Je, huanza kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza? Je, hupoteza vitu avitumiavyo kila siku? Je, watu humwambia kwamba hawasikilizi? Kahaso akajibu la kwanza, na jibu likampeleka kwenye vifungo, vifungo vikampeleka Kongowea, Kongowea ikampeleka kwa muuza samaki ambaye mkewe amejifungua pacha. Ahmad hakumkata. Alipokuwa amefika ubatizo wa wale pacha, Kahaso akakoma mwenyewe. "Samahani, daktari. Uliniuliza nini?"

"Usijali," Ahmad akasema. "Umeshanijibu."

Lakini palikuwa na kikwazo. Hali hiyo huanza utotoni, akamweleza. Haimjii mtu ukubwani kama presha. Kwa hiyo kabla hajaandika lolote alihitaji kumsikia mtu aliyemjua Kahaso akiwa mdogo, kabla hajatimia miaka kumi na miwili. "Mzazi wako yupo hai?"

Kahaso akacheka hadi akafuta machozi. Katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho serikali ilimwomba naye akawa nacho tele. "Mama yangu, daktari, amekuwa akiisubiri siku hii tangu nizaliwe."

Jumamosi akaenda Frere Town kumwita. Kabla hajaketi, Mama Ruwa aliuliza viatu vya malapa alivyomnunulia Krismasi iliyopita viko wapi. Kahaso akamweleza habari ya kliniki.

"Wanataka kujua ulikuwaje utotoni?" Mama Ruwa akauliza.

"Ndiyo, Mama. Useme ukweli tu, jinsi unavyosema siku zote."

"Na wataandika?"

"Wataandika."

Mama Ruwa akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake, kisha akasema atakwenda. Jumatano ilipofika akavaa gauni lake la Umoja wa Wamama na kofia ya ibada, mkoba mkononi. Njia nzima hakusema neno. Kahaso alidhani anazipanga sweta kichwani kwa mpangilio wa miaka.

Ndani, Ahmad akamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunataka utueleze kidogo. Kahaso akiwa mtoto, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Ruwa akakaa wima. "Kahaso? Mtoto mtulivu. Ukimweka hapa, utamkuta hapa."

Kahaso akamgeukia.

"Na shuleni, mama? Alikuwa akipoteza vitu?"

"Hata kalamu. Walimu wote walimsifu."

"Kazi za nyumbani?"

"Ukimtuma anakwenda, ukimwambia rudi anarudi. Mtaani walikuwa wakiwaambia watoto wao waige mfano wake."

"Mama," Kahaso akasema kwa sauti ndogo, "anauliza habari zangu. Si za Ruwa."

"Najua anauliza habari za nani. Nilikuzaa mimi."

Ahmad akajaribu njia nyingine, akazunguka huku na huku, lakini kila mlango alioufungua alimkuta malaika yuleyule ameketi na vitabu vyake vimejalidiwa. Mwishowe akaweka kalamu chini. Akamwambia Kahaso kwa upole kwamba kwa maelezo hayo hawezi kuandika kuwa ni ADHD. Pengine ni uchovu, pengine ni mawazo. Wakienda wakafikiri, kama kuna ndugu mwingine, mlango uko wazi.

Kahaso alitoka kama mtu aliyepigwa kofi. Miaka yote alisomewa makosa yake mbele ya kila aliyebisha hodi, na siku moja tu makosa hayo yalipohitajika, yalikuwa yamesamehewa yote. Walipofika mwisho wa ukumbi Mama Ruwa alisimama akamtazama mikono.

"Mkoba wako uko wapi?"

Kahaso akajitazama. Aliuacha kitini, kwa Ahmad, una simu, nauli na funguo za kibanda.

Hapo bwawa likapasuka. Mama Ruwa alisahau yuko wapi. "Kahaso, wewe mtoto ni wa namna gani? Tangu darasa la kwanza ni haya kwa haya. Sweta nilinunua mpaka mwenye duka akadhani nina mabinti wanane. Nilikutuma chumvi kwa jirani ukarudi na paka. Mtihani wa darasa la nane ulikwenda na kiatu kimoja. Siku ya kipaimara askofu anakuita jina, kanisa zima linageuka, wewe uko nje unamtazama mtu akitengeneza baiskeli. Nilikupiga, nikakuombea, nikakufunga leso kidoleni ukumbuke, ukapoteza na leso." Wagonjwa kwenye mabenchi walikuwa wameacha kuongea. Mama mmoja alisogea ili aliyekaa nyuma yake naye asikie vizuri.

Ahmad alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba wa Kahaso mkononi. Alingoja hadi habari ya leso ikaisha.

"Mama," alisema, "wallahi hayo ungeniambia kule ndani ningeshukuru sana."

Mama Ruwa akaishika kofia yake. "Hayo ni ya nyumbani, daktari."

"Na yale uliyoniambia mimi?"

"Yale ni ya serikali."

"Kwa nini, mama?"

Mama Ruwa akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji hulowesha. "Mwanao unamsema nyumbani ili aone haya, abadilike. Mbele ya watu wanaoandika, unamsitiri. Au wewe mama yako hakukusitiri?"

Ahmad aliwarudisha ndani, akafunga mlango, akamweleza Mama Ruwa kwamba anachokiandika si hukumu wala si aibu, na kwamba hapo kumsitiri Kahaso ni kusema. Mama Ruwa akamtazama bintiye. Kahaso alikuwa anachezea uzi wa mkoba wake, macho chini. Basi Mama Ruwa akavua kofia, akaiweka mapajani, akaanza upya.

Alisema kwa muda mrefu. Kalamu ya Ahmad ilipata taabu kumfuata, kwa sababu habari ya sweta ilizaa habari ya mwenye duka, mwenye duka akazaa kesi ya kiwanja, na katikati ya kesi Mama Ruwa aliinuka akaenda kunyoosha pazia lililopinda, akaona kiatu cha Ahmad kimefunguka akamwonya, akarudi kuketi, akasema, "Tulikuwa wapi?" Ahmad akaacha kuandika akamtazama kitambo. Kisha akaendelea.

Mwisho akamwambia Kahaso kwamba sasa hana shaka. Akamweleza ni nini na si nini. Si uvivu. Si dharau. Si pepo, kama kuna aliyemwambia hivyo. Kahaso alisikiliza, na mara hii hakukwenda Kongowea. Kwanza alijisikia mwepesi. Kisha kikaja kitu kingine ambacho hakukitarajia, hasira, akauliza bila kumtazama mtu, "Kwa hiyo zile fimbo zote zilikuwa za nini?"

Ahmad akafunika kalamu yake.

"Nilikupiga kwa sababu nilidhani zitakusaidia," Mama Ruwa akasema. "Mimi mwenyewe nilipigwa kwa hayohayo."

"Hayohayo yapi, mama?" Ahmad akauliza.

Mama Ruwa akavaa kofia yake. "Leo tumekuja kwa ajili yake," alisema.

Habari ilipofika Mjambere, watu waliipokea kila mtu kwa namna yake. Dawa yenyewe haikuwepo hospitalini. Duka la dawa lilisema imeagizwa, na imeendelea kuagizwa hadi sasa. Lakini Ahmad alimpa Kahaso mazungumzo ya kila mwezi na maarifa ya kujisaidia, kubwa kati ya hayo ni nguo moja mezani, nyingine zote zisionekane. Kahaso akanunua sanduku la bati la kuzifungia zile nyingine. Ufunguo alimkabidhi Tsuma, kwa ombi lake mwenyewe. Mpango ulifanya kazi vizuri sana, isipokuwa siku ile bibi harusi alipokuja kulijaribu gauni lake na ufunguo uko Changamwe, shifti ya mchana. Janice alipata sare yake. Ilimkaa vizuri hivi kwamba wauguzi wenzake watano walileta vitambaa, na Janice akajuta, maana foleni ilirefuka.

Jambo la ajabu ni kwamba mara tu hali ile ilipopata jina, ilienea. Kabla ya Kahaso kupimwa hatukuwa nayo mtaani. Baada yake, kila aliyesahau ahadi alikuwa nayo. Hata Tsuma, aliporudi bila gesi kwa mara nyingine, alisema huenda naye anahitaji kupimwa.

"Wewe huna," Kahaso akamwambia. "Wewe hukutaka kwenda tu."

Mama Ruwa kwa upande wake aliacha kumsema. Wageni wake wa Frere Town sasa hunywa chai kimya, na wengine wanasema ziara zimepoteza ladha.

Halafu asubuhi moja alitokea kibandani bila taarifa, amevaa lile gauni la Umoja wa Wamama. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuulizia kitenge. Kahaso akamwamkia, akampa kiti. Mama Ruwa akasema ametoka hospitalini.

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Nilikwenda kwa yule kijana."

Kahaso akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Nilimwambia nimekuja kwa ajili yangu," Mama Ruwa akaendelea. "Akaniuliza maswali. Akaandika. Kisha akaniuliza, nani alikujua kabla hujatimia miaka kumi na miwili. Nikamwambia wapo wengi. Mama yangu yupo, shangazi zangu wapo, mwalimu wangu wa darasa la kwanza yupo. Wote wako makaburini pale Frere Town, akitaka nitampeleka."

"Akasemaje?"

"Alisikitika. Ni mtoto mwenye adabu. Akasema tutakwenda polepole, nirudi mwezi ujao." Akafungua mkoba, akatoa kadi, akaitazama pande zote mbili. "Unajua, mama yangu angekuja angesema nilikuwa mtoto mtulivu."

Kahaso alinyoosha mkono kuipokea ile kadi, akafikiri tena, akaurudisha.

"Apewe Tsuma," alisema.

"Ndivyo nilivyofikiri," Mama Ruwa akasema. Akakivuta kiti karibu na meza, akalichukua gauni lililokuwa juu yake. "Hili bado nyuzi za bandi, zile za kushikizia kwa muda, hazijatolewa. Nipe sindano nizichomoe, wewe endelea."

Kahaso akampa. Mimi kitenge sikukiulizia tena.